Papanicolaou: Mgiriki aliyefundisha kuiona saratani kabla haijauma

WANAWAKE wengi wa mijini wamewahi kulisikia jina lake bila kujua kuwa ni jina la mtu. Daktari anapomweleza mama kuhusu kipimo cha Pap, silabi hiyo moja ndiyo iliyosalia ya jina refu la Georgios Papanicolaou, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki dunia nchini Marekani mwaka 1962. Ni vipimo vichache sana vya saratani vilivyookoa maisha ya watu wengi kama hicho chake.

Hata hivyo, mwanamke anayeteremka basi Makambako, pale barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea, aghalabu hakutani na kipimo hicho. Akifika kwenye kliniki ya uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, muuguzi humpima kwa siki, pamba na taa, na majibu hupewa papo hapo. Wazo la Mgiriki huyo limefika Nyanda za Juu Kusini ilhali kipimo chake chenyewe kimebaki nyuma, na sababu zake zimo ndani ya historia ya maisha yake na ya kazi yake.

Papanicolaou alizaliwa Mei 13, 1883 katika mji mdogo wa Kymi, kwenye kisiwa cha Evia nchini Ugiriki. Baba yake, Mzee Nikolaos, alikuwa daktari na mwanasiasa aliyepata kuwa meya wa mji huo na mbunge. Kama walivyo wazazi wengi wenye taaluma, mzee huyo alitaka mwanawe ashike njia ile ile. Kijana mwenyewe alipenda zaidi fidla, lugha na falsafa. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Athens, akahitimu mwaka 1904 kwa alama za juu kabisa, kisha akalitumikia jeshi kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa nchi hiyo.

Aliporejea nyumbani ilitazamiwa kwamba angerithi wagonjwa wa baba yake na kuishi maisha ya heshima kisiwani. Hakukaa sana. Mwaka 1907 alikwenda Ujerumani kusomea elimu ya wanyama, akapita Jena na Freiburg, na hatimaye Munich, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1910. Utafiti wake ulihusu viumbe wadogo wa majini wasiozidi ukubwa wa kiroboto, na swali lililomshughulisha lilikuwa ni kitu gani kinachoamua jinsia yao. Mzee wa Kymi alikuwa na haki ya kushangaa kwamba daktari kamili ameacha watu na kuchungulia wadudu wa dimbwini.

Mwaka huo huo alimwoa Andromache Mavrogeni, binti wa familia ya kijeshi, ambaye baadaye Marekani alijulikana zaidi kwa jina la Mary. Ndoa hiyo haikumfurahisha baba mkwe. Wanandoa hao walikwenda Monaco, ambako mume alifanya kazi kwa muda katika taasisi ya elimu ya bahari iliyoanzishwa na Mwanamfalme Albert wa Kwanza. Mwaka 1912 vilizuka Vita vya Balkani, naye akaitwa tena jeshini kama daktari. Kambini alikutana na Wagiriki waliotoka Marekani kuja kujitolea vitani, na simulizi zao kuhusu nchi hiyo zikamwingia moyoni.

Oktoba 19, 1913 meli iliwateremsha New York mtu na mkewe. Hawakujua Kiingereza, na mfukoni walikuwa na takriban dola 250, kiasi kilichohitajika ili wakubaliwe kuingia nchini.

Waafrika wa leo walioko ughaibuni na shahada zao hawatashangaa kusikia kilichofuata. Andromache alipata kibarua cha kushona vifungo katika duka kubwa la Gimbels kwa dola 5 kwa wiki. Mumewe, mwenye udaktari wa tiba na uzamivu wa Munich, aliwekwa kuuza mazulia katika duka hilo hilo na hakumaliza zaidi ya siku moja. Alipiga fidla mahotelini, akafanya ukarani katika gazeti la Wagiriki lililoitwa Atlantis. Aliyemwokoa ni bingwa wa elimu ya urithi, Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyekuwa akiufahamu utafiti wake wa Munich. Kwa msaada wake, mwaka 1914 Papanicolaou alipata nafasi katika Hospitali ya New York na kisha katika idara ya anatomia ya Chuo cha Tiba cha Cornell, chini ya Profesa Charles Stockard. Hapo alidumu kwa takriban miaka 47.

Kazi aliyopewa ilihusu simbilisi, wanyama wanaofahamika vizuri kwa wakazi wa Njombe na mikoa jirani, ambako hufugwa jikoni na kuliwa. Stockard alikuwa akiwavutisha wanyama hao mvuke wa pombe ili aone madhara yake kwa vizazi vyao. Papanicolaou alihitaji mayai ya simbilisi jike katika hatua maalumu ya ukuaji, na tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na ishara ya nje ya kumjulisha ni siku ipi yai limepevuka. Iliwabidi kuwachinja majike wengi kwa kubahatisha.

Alijiuliza swali ambalo leo laonekana jepesi. Kama wanawake wana hedhi, kwa nini majike wa wanyama wengine wasiwe na mzunguko unaofanana na huo, japo dalili yake iwe ndogo mno kuonekana kwa macho? Alinunua kifaa kidogo cha madaktari cha kuchungulia ndani ya pua ya mtu, akakitumia kumfungua simbilisi jike, akachukua ute kidogo na kuupaka kwenye kioo cha hadubini. Ute huo ulijaa seli za maumbo mbalimbali, na maumbo hayo yalibadilika siku hadi siku kwa mpangilio. Mwaka 1917 yeye na Stockard walichapisha matokeo hayo, yakawa msingi wa utafiti wa homoni za uzazi katika maabara nyingi duniani. Tangu hapo haikuwa lazima kumchinja mnyama ili kujua kinachoendelea ndani ya tumbo lake. Seli zilizojitoa zenyewe zilitosha kusimulia.

Baada ya simbilisi zamu ilikuwa ya binadamu, na binadamu wa kwanza alikuwa mkewe. Andromache, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake wa maabara, alikubali kutoa sampuli za ute wake mara kwa mara kwa miaka 21. Inaelezwa kwamba aliwashawishi pia rafiki zake wa kike nao wajitolee. Wanandoa hao hawakupata mtoto, na kwa miaka mingi hawakuwa na likizo ya maana. Walitoka nyumbani asubuhi kwenda maabara na kurudi usiku, siku sita kwa wiki na mara nyingine saba. Vitabu vingi vya tiba vinamtaja mama huyo kwa mstari mmoja. Ni heshima ndogo mno kwa mtu ambaye mwili wake ndio uliokuwa kitabu cha kwanza cha elimu hiyo.

Kuanzia mwaka 1925 Papanicolaou alipanua uchunguzi wake kwa wanawake waliojitolea na wagonjwa wa Hospitali ya Wanawake ya New York. Alichokuwa akikitafuta bado kilikuwa mzunguko wa hedhi. Kati ya vioo hivyo alikutana na seli za ajabu, zenye viini vikubwa vilivyoharibika umbo, zilizotoka kwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi. Alizitambua mara moja, na baadaye alikiri kwamba msisimko wa siku hiyo ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika maisha yake ya utafiti.

Januari 1928 aliwasilisha ugunduzi huo katika mkutano uliofanyika Battle Creek, jimbo la Michigan. Ukumbi wenyewe haukumsaidia. Ulikuwa mkutano wa watu waliohubiri uboreshaji wa mbio za binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae, fikra ambayo baadaye ililetea dunia maafa makubwa. Chapisho lake lilikuwa na makosa ya uchapaji na picha hafifu. Wataalamu wa patholojia waliousikia ujumbe huo hawakuona haja yake: shingo ya kizazi inafikika kwa urahisi, walisema, na ukitaka kujua kama kuna saratani, kata kipande cha nyama ukipime.

Kwa haki ya historia ni lazima kutajwa kwamba hakuwa peke yake. Nchini Romania, Aurel Babeș alikuwa ameonyesha mwaka 1927 kwamba saratani hiyo inaweza kutambuliwa kwa seli zilizochukuliwa kwenye shingo ya kizazi, naye akachapisha matokeo yake kwa Kifaransa mwaka 1928. Wawili hao walifanya kazi bila kujuana, na mbinu zao za kuchukua na kuandaa seli zilitofautiana. Dunia ilichagua jina la aliyefanya kazi New York.

Papanicolaou alirudi kwenye homoni zake. Kwa takriban miaka 10 suala la saratani lililala. Mwaka 1939 Stockard alifariki, na mkuu mpya wa idara, Joseph Hinsey, akamhimiza arudie utafiti ule uliopuuzwa. Safari hii alikuwa na mwenzake anayefaa, daktari wa magonjwa ya wanawake Herbert Traut. Walipanga kwamba kila mwanamke aliyelazwa katika wodi ya magonjwa hayo katika Hospitali ya New York achukuliwe sampuli, awe na dalili au asiwe nazo.

Utaratibu huo ndio uliobadili kila kitu. Miongoni mwa wanawake zaidi ya 3,000 waliochunguzwa walipatikana waliokuwa na saratani changa kiasi kwamba jicho la daktari halikuiona, wala mgonjwa mwenyewe hakuhisi chochote. Hoja ya kukata kipande cha nyama ikakosa nguvu, kwani huwezi kukata kipande mahali ambapo huoni tatizo. Makala yao ya kwanza ilitoka mwaka 1941, na kitabu chao mwaka 1943, kikiwa na michoro ya rangi iliyochorwa na msanii mzaliwa wa Japani, Hashime Murayama. Papanicolaou alikwisha kubuni pia mchanganyiko wa rangi za kutia kwenye kioo ili kila aina ya seli ijitenge na nyingine.

Mwaka 1947 daktari wa Canada, J. Ernest Ayre, aliongeza kijiti cha mbao kilichochongwa kufuata umbo la shingo ya kizazi, na uchukuaji wa sampuli ukawa mwepesi na sahihi zaidi. Chama cha Saratani cha Marekani kilikipigia debe kipimo hicho nchi nzima. Papanicolaou alipata Tuzo ya Lasker mwaka 1950, na mwaka 1954 alitoa kitabu kikubwa cha picha za seli kilichokuwa mwongozo wa maabara duniani. Alipendekezwa zaidi ya mara moja kwa Tuzo ya Nobel, hakuipata. Nchini Marekani, saratani ambayo zamani iliongoza kwa kuua wanawake kuliko saratani nyingine ilishuka, na vifo vyake vikapungua kwa zaidi ya asilimia 70 katika miongo iliyofuata.

Lakini kipimo hicho hakikuwa kijiti na kioo tu. Nyuma ya kila kioo alihitajika mtu aliyefunzwa kwa muda mrefu, anayeweza kupitia maelfu ya seli kwa hadubini bila kuchoka na kuitambua moja iliyopotoka. Nyuma yake alihitajika mtaalamu wa patholojia wa kuthibitisha. Zilihitajika dawa za kuhifadhi, rangi, umeme, kumbukumbu, posta ya kuaminika, na zaidi ya yote, mwanamke anayeweza kurudi baada ya wiki kadhaa kuchukua majibu, kisha kurudi tena kwa ajili ya tiba, halafu kurudia kipimo kila baada ya miaka michache. Marekani ilikuwa na hayo yote. Papanicolaou mwenyewe alilijua tatizo la uhaba wa watu, ndiyo maana alitumia miaka yake ya mwisho kufundisha wasomaji wa vioo.

Mwishoni mwa mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 78, alihamia Miami kuongoza taasisi mpya ya saratani. Ni wakati huo huo Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake usiku wa kuamkia Desemba 9. Papanicolaou hakuiona taasisi hiyo ikifunguliwa. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Februari 19, 1962, na taasisi ikapewa jina lake. Ugiriki iliweka sura yake kwenye noti ya drakma 10,000, fedha ambayo iliondolewa mwaka 2002 nchi hiyo ilipoingia katika sarafu ya euro.

Katika taifa lile changa, na kwa miongo mingi iliyofuata, kipimo chake kilibaki kuwa huduma ya hospitali kubwa chache. Wataalamu wa patholojia walihesabika kwa vidole. Mwanamke wa Njombe aliyeanza kutokwa damu isiyo ya hedhi au baada ya tendo la ndoa aghalabu alikwenda hospitali akiwa amechelewa, na tiba ya mionzi iliyobaki kuwa tumaini lake ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kilomita takriban 700. Hospitali hiyo iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 ilifanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996, na kwa muda mrefu ndipo mahali pekee nchini palipotoa mionzi. Nauli, malazi na kuacha mashamba ya viazi au kibarua cha chai vilitosha kumfanya mgonjwa abaki nyumbani.

Siki iliingia kwa mlango huo. Madaktari wa Ulaya walikuwa wakiipaka kwenye shingo ya kizazi tangu miaka ya 1920 na 1930, enzi zile zile Papanicolaou akihangaika na vioo vyake. Mjerumani Hans Hinselmann aliitumia pamoja na darubini yake ya kuchunguzia shingo ya kizazi, naye Walter Schiller wa Vienna akatumia madini ya joto. Kinachofanyika ni rahisi kueleza: seli zilizoanza kubadilika, zikipakwa siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, hugeuka nyeupe baada ya kama dakika 1, ilhali zenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Kilichokuwa kipya miaka ya 1990 ni kuthubutu kumwondoa mtu wa darubini na kumwachia muuguzi mkunga jicho lake na taa.

Jaribio lililowashawishi wengi lilifanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 1999. Wauguzi wakunga waliwapima wanawake zaidi ya 10,000. Siki iliwabaini takriban robo tatu ya wenye mabadiliko ya hatari, wakati kipimo cha Pap katika mazingira yale yale kilibaini chini ya nusu. Kasoro yake ni kwamba siki iliwatia hofu wanawake wengi waliokuwa wazima, kwa kuwa si kila weupe ni dalili ya saratani inayokuja. Mwaka 2007 utafiti wa jimbo la Tamil Nadu nchini India ulionyesha kwamba pale wauguzi walipopima kwa siki, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 35.

Siri kubwa ya siki, hata hivyo, ni saa yenyewe. Mwanamke hupimwa na kujibiwa akiwa bado kitandani, na weupe ukiwa mdogo hutibiwa siku hiyo hiyo kwa tiba mgando, yaani kuziua seli hizo kwa ubaridi wa gesi, au kwa kifaa cha joto kilichokuja baadaye. Weupe ukifunika zaidi ya robo tatu ya eneo, au ukionekana kuwa saratani kamili, ndipo hupewa rufaa. Kwa mama anayetoka kijijini na kulipa nauli mara moja kwa mwezi wa gulio, tofauti ya safari moja na safari tatu ni tofauti ya kutibiwa na kutotibiwa.

Mwaka 2010 Wizara ya Afya, kwa msaada wa shirika la Jhpiego, ilianza kupeleka huduma hiyo katika vituo vya serikali vya Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe. Njombe ilitangazwa mkoa kamili mwaka 2012. Kuchaguliwa kwa eneo hilo hakukuwa bahati nasibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wakiishi na virusi vya Ukimwi, ikilinganishwa na asilimia 5.1 ya taifa. Katika utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 mkoa huo ulikuwa bado unaongoza kwa asilimia 12.7, taifa likiwa na 4.4.

Takwimu hizo zinahusu saratani moja kwa moja. Kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi ni kirusi cha papiloma kinachoambukizwa kwa kujamiiana, jambo ambalo Papanicolaou hakupata kulijua. Wanawake wengi hukipata na miili yao hukifukuza. Mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na VVU hushindwa kukifukuza, na hatari yake ya kupata saratani hiyo ni takriban mara 6 ya mwenzake. Katika njia panda kama Makambako, penye malori ya kwenda Zambia, kituo cha reli ya TAZARA na nyumba za wageni zisizolala, magonjwa hayo mawili yamekuwa yakitembea pamoja. Ndiyo maana mpango ule uliunganisha mambo mawili katika chumba kimoja: aliyekuja kupima shingo ya kizazi alishauriwa kupima VVU, na mwenye VVU alipelekwa kupimwa shingo ya kizazi.

Si kwamba siki imemaliza kazi. Inategemea jicho la muuguzi, na jicho huchoka au huhamishwa kituo. Haiwafai sana wanawake waliokoma hedhi, kwa sababu eneo linalopaswa kutazamwa huwa limerudi ndani. Mtungi wa gesi ukiisha, ahadi ya tiba ya siku hiyo hiyo inageuka rufaa ya kawaida. Kisha kuna aibu, ambayo hakuna mtungi unaoitibu: kulala mbele ya mtu anayefahamiana na shemeji yako, katika mji ambao kila mtu ni mkwe wa mwingine. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliihesabia Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka. Chanjo dhidi ya kirusi hicho ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Itachukua miaka mingi kabla wasichana hao hawajafikia umri ambao mama zao wanaugulia sasa.

Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba nchi zenye uwezo zianze na kipimo cha kirusi chenyewe badala ya kutazama seli au weupe wa siki. Mashine zilizosambazwa katika hospitali nyingi za Afrika kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kukifanya. Sampuli yake haihitaji mwanamke alale mbele ya mtu yeyote. Anaweza kupewa kijiti chenye pamba, akaingia faraghani na kuichukua mwenyewe.

Andromache Papanicolaou alifanya jambo linalokaribiana na hilo kwa miaka 21, bila kuwa mgonjwa, kwa sababu mumewe alihitaji seli za mwanamke mzima wa kuwalinganisha wengine. Baada ya kufiwa alibaki Miami karibu na taasisi yenye jina la mumewe. Alifariki mwaka 1982, mwaka mmoja kabla Harald zur Hausen na wenzake hawajatangaza huko Ujerumani kwamba wamekikuta kirusi cha papiloma namba 16 ndani ya saratani ya shingo ya kizazi.